Mkono wa Gia Usio na Kazi

Jumanne

Nilitaka jambo moja tu: kumpeleka mke wangu Zuhura kliniki Mulago mimi mwenyewe, ingawa mguu wangu wa kushoto haukanyagi klachi tena. Leo, kwenye gereji huko Katwe, fundi amemaliza. Gari letu kuukuu, lililotuvusha mpakani tulipokimbia vita, sasa lina injini ya Kijapani na giaboksi ya otomatiki, isiyohitaji klachi.

Niliudhika kuona mkono wa gia wa zamani bado uko kwenye usukani, haujaungwa na chochote.

"Umesahau kuutoa?"

"Nimeuacha, mzee. Mkono wako utautafuta."

Ukautafuta kweli, kwenye kila mlima njiani. Zuhura, kando yangu, akacheka mpaka nyumbani Kisugu. "Baba Asha, bado unatoroka vita?"

Kesho Mulago. Mkono na utafute. Gari litapanda lenyewe. Alhamdulillahi.