Trefu ya Joyce

Bersaba, Para,
Suriname.
9 Septemba 1994.

Mpendwa mwanangu Ilse,

U hali gani, mama? Na mumeo Humphrey je, baridi ya Rotterdam imeshaanza kumtesa? Sisi wazima, ila goti langu linajifanya bibi harusi, halitaki kazi. Mwanao Joyce hajambo? Yale mabaka meupe ya mikononi yamepungua?

Umeandika kwamba daktari ameyaita mzio na kutoa dawa ya kupaka, na unaniuliza kama trefu si jina la kizamani la kitu hicho hicho. Umekulia hapa, Ilse, usijifanye mgeni. Ni kweli neno limechakaa. Dada yako Gerda anasema kufua ndiyo trefu yake. Lakini trefu yenyewe ni chakula ulichokatazwa kabla hujazaliwa, na anayekuachia ni baba. Sisi akina mama hatuna letu hapo. Mtoto akionja alichokatazwa baba yake, ngozi inasema.

Jumapili ile mlipokuja likizo nilipika kobe kwa muhogo. Humphrey alikula akaongeza, akalamba vidole. Trefu yake ni nyama ya tumbili, sote tunajua. Joyce alionja kidogo tu, na asubuhi mikono yake ilikuwa mabaka matupu. Ukamvalisha sweta kwenye jua lile.

Hapa kijijini aliyekuwa na trefu ya kobe ni mmoja tu, marehemu Wensley, aliyezama kijitoni mwaka ule ule ulipoolewa haraka haraka. Naogopa, mwanangu. Tangu mwondoke, nikienda kufua kule kijitoni nageuka nyuma kila mara. Simwoni mtu, lakini najua marehemu anangoja kuambiwa jambo.

Mama yake Wensley, Ma Filo, alimwona Joyce siku mlipoondoka, alipopunga mkono na sweta ikapanda. Wiki iliyopita alikuja kwangu, akakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Hakukusema vibaya hata kidogo. Aliniuliza tu:

“Hermina, mimi sina siku nyingi. Huyu mtoto akikua, nani atamwambia asile?”



Sikuombi uvunje nyumba yako. Humphrey ni mtu mwema, na ndiye aliyemlea. Lakini Joyce ataitafuta Para siku moja, atakaribishwa mezani, na watu wa hapa hawamnyimi mgeni kobe. Ukimkataza bila kumweleza, atakula. Namwonea huruma, na wewe pia nakuonea huruma.

Nisalimie Humphrey. Gerda anawasalimu, na mjomba wako Eddy pia. Mungu awafunike kwa mkono wake, na ngozi ya mtoto itulie.

Ma Filo naye ana salamu zake. Alitaka niandike kwamba ni kwa mjukuu wake. Nimemwambia nikuulize wewe kwanza.

Wako akupendaye siku zote,
Mama yako mdogo, Hermina