Gari la Kufika Endabash

Jumapili, usiku

Nilimwambia achukue jeusi, na sasa najuta.

Emanueli, kitinda mimba wangu, alikuja na picha za magari mawili kwenye simu, jeusi la Kijerumani na jeupe la Kijapani. Yote ya kifahari, yenye mbio, tumbo karibu na ardhi.

"Mzee, lipi?"

"Jeupe vipuri vyake vinapatikana Arusha. Lakini jeusi lina heshima."

Akacheka. "Basi nitakupeleka nalo Endabash, ukamsalimie mama."

Mama yake tulimzika kule, na nafasi yangu iko kando yake. Masika haya gari la chini halivuki korongo lililo kwenye njia ya Endabash. Nilijua, nikanyamaza.

Kumwambia kungenilazimu kueleza kwa nini sikumzika bibi yake, mama yangu mzazi. Watoto wanajua nilikuwa safari ya kikazi. Kweli ni kwamba gari langu, la chini kama hayo, lilishindwa na tope pale korongoni, nami nikaona aibu kufika kwa miguu mbele ya waombolezaji, suti imejaa tope. Nikageuza.

Kesho nikiamka nitamwambia yote, anunue pikapu. Nisipoamka, ataelewa akifika korongoni, na mimi nikiwa nyuma yake kwenye jeneza.