Tundu la Mlangoni Msilizibe

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kama hii mvua inayonyesha hapa ninapoandika. Hujambo wewe, na goti lako halijambo? Hilo goti lipe pole yangu peke yake, maana limeubeba mdomo wako miaka mingi bila kulalamika. Mimi sijambo. Meno yaliyobaki yananitosha, hata yakigombana hayafikii vita. Wifi yako anakusalimu. Alisema nisikuandikie upuuzi, kwa hiyo nimengoja aende sokoni ndipo nikashika kalamu.

Barua yako niliipata. Umeniuliza jambo moja, ukaniapisha nisifanye mzaha: mwanao ule mkanda wa ubingwa kaupata kwa uwezo wake au kwa bahati? Umesema anakuja kwako Jumamosi, na kwamba utakalosema wewe ndilo atakalofanya, akubali pambano la marudiano au aurudishe mkanda na ngumi aache. Umesema kama ni bahati utamwambia aache, kwa sababu bahati haiwekwi akiba, na ngumi za yule Pandikizi aliyepigana naye bado ziko pale pale. Nitakujibu, ila twende polepole. Unajua shule mimi niliipitia dirishani.

Siku ile ukumbi ulijaa, na mvua ilipiga mabati mpaka kengele ya raundi ikawa inasikika kama iko chini ya maji. Kazi yangu pale konani si kubwa: nabeba ndoo, nashika taulo, namkumbusha mwanao, huyo Kimya wako, kupumua, kana kwamba angesahau. Paa lilikuwa na tundu. Tone lilidondoka mahali pamoja tu ulingoni, karibu na kona yetu, taratibu, kama mtu anayehesabu usingizini. Kila mapumziko refa alinipungia mkono nipanguze, nami nikapanguza. Raundi ikianza, na tone nalo linaanza.

Mwanao alikuwa anapigwa, sikufichi. Jicho la kushoto lilifunga kabisa, la kulia likabaki ufa tu. Nilikuwa nimeshalikunja taulo nilitupe ulingoni kuomba yaishe. Pandikizi akaja na ngumi ya kumaliza kazi, mguu ukamteleza kwenye ule unyevu, mikono ikamfunguka kama mlango wa mlevi, na ngumi ya mwanao ikaingia kidevuni. Jamaa akalala. Refa akahesabu mpaka mwisho, naye anatabasamu tu pale chini, kama anaota yuko kwao.

Tangu hapo kinyozi wa mtaani kwetu akambatiza mwanao jina la Bingwa wa Tone. Sasa watu wakipishana naye wanatandaza kiganja juu, kama wanakinga mvua. Kinyozi aliniambia mkanda wangelivisha paa, kwa kuwa ndilo lililopigana. Nikamjibu basi na yeye sifa zake awe anaupa wembe. Lakini nilicheka, Chiriku, na mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Unamjua, hasira yeye huimeza kama dawa. Mkanda kausukumia chini ya godoro, na usiku anageuka-geuka kama aliyelalia jiwe.

Sasa sikiliza. Juzi alasiri alikuja kwangu mvua ikinyesha. Chumba changu, Mungu akuepushe, kinavuja katikati, na nimetega ndoo, ile ile ya ulingoni. Kimya akamimina chai kule mlangoni penye jiko, akaja nayo macho kayafumba kwa uchovu, ananieleza kwamba watu wamesema kweli na yeye hana alichokishinda. Mguu wake ukaizunguka ndoo. Hakuitazama. Akarudi kufuata sukari, akaizunguka tena, na chai haikumwagika. Mimi mwenye chumba nikainuka kumsogezea kiti, nikaipiga teke, nusura tuogelee.

Nilipopiga magoti na dekio nikaiona nyumba yako, enzi zile wanao bado wadogo, vile vile kama niko ndani. Sufuria jikoni, beseni ubavuni mwa kitanda, kopo pale mlangoni, na kila chombo kinaitikia tone lake kwa sauti yake. Uliweka sheria kwamba atakayemwaga atadeki nyumba nzima. Wenzake walijikwaa na kulia. Huyu kitinda mimba wako akayafumba macho makusudi, mikono kainyoosha, akawa anatembea kwa masikio kutoka mlangoni hadi kitandani, kama anavuka mto ndotoni. Nawe ukamfokea kwamba anachezea maji.

Na hapa ndipo penye neno ambalo sijamwambia mtu. Baada ya pambano, aliyemvua viatu ni mimi. Soli zilikuwa kavu, Chiriku. Kavu kama unga. Raundi zote zile, kona ile ile, haoni mbele, na tone hakulikanyaga. Alikuwa analisikia. Alilizunguka kama lile kopo lako, na kila alipolizunguka, Pandikizi alimfuata akapita juu ya ule unyevu. Mimi nikadhani ni uzuri wa viatu tu. Akili yangu siku zote hufika wageni wameshaondoka.

Paa lilivuja kwa bahati, na hilo namwachia kinyozi. Miguu ni ya mwanao, na mwalimu wake ni wewe na dekio lako.

Nilimwambia hayo. Alicheka, mara ya kwanza tangu apate mkanda, akasema mjomba umeanza. Ndiyo malipo ya utani wangu: nikimwambia kumekucha, hutoka nje kuhakikisha. Wewe usimhubirie. Ikinyesha, tega vyombo kama zamani, mfunge kitambaa machoni, mwambie akuletee maji kutoka mlangoni. Akifika kitandani miguu mikavu, atajua mwenyewe. Akilowa, mwambie aache ngumi, nami mkanda nitautafuna kwa haya meno.

Wasalimie wanaonikumbuka, na walionisahau wakumbushe sura yangu ya ujana, si hii. Wifi yako namsikia anapanda ngazi na kikapu, acha nimalize.

Nasikia mwanao anakuja na mabati mapya na fundi, akuezekee nyumba yote. Mwache aezeke, umechoka kulala na mabeseni. Ila lile tundu la mlangoni msilizibe mpaka marudiano yapite.

Mimi kaka yako,
Mzee wa Ndoo