Mama Mkwe, Breki ya Mfaransa Inausubiri Mguu Wako

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Na mjukuu wako Rehema anayekusomea asome taratibu, asiruke pale baba yake anapojisifu, maana hapo ndipo penye ukweli mwingi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Mimi niliyesukuma malori mpaka Lubumbashi, niliyebishana na askari wa mipakani kwa lugha nisizozijua na nikashinda, nikisikia tu sauti yako ikisema "Hamjambo huko, baba?" ulimi unaganda. Nakuamkia, naulizia mvua, nampa simu mwanao Mwanahawa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini adabu ya ukweni nilifuzu.

Mwanahawa amenifikishia neno lako. Jicho la kushoto limeshazimika, hili la kulia presha yake imepanda, na daktari wa hapa Dodoma hataki Alhamisi ipite bila kulifanyia upasuaji. Vizuri. Lakini basi hupandi, gari la mwalimu mkuu wa shule ya Rehema hupandi. "Nitapanda la Baba Rehema tu. Breki yake naijua."

Mama, neno hilo lilinivimbisha kichwa kwa muda wa kunywa chai, halafu likanitoa jasho. Breki unayoijua ilikuwa imekufa.

Unakumbuka ulivyoijua? Rehema alikuwa hajatimiza siku arobaini. Ulikuja kwetu Makole kumwangalia mzazi, na siku zote hizo mimi na wewe hatukuwa tumetazamana. Ukisikia nakohoa mlangoni, unaingia jikoni. Nikiona kanga yako uani, nazunguka nyuma ya nyumba. Siku hiyo nilikuwa nimelala chini ya Mfaransa, hili gari langu kuukuu la Kifaransa, natoa upepo kwenye breki, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Wa chini anashika spana, wa juu anakanyaga na kuachia anapoambiwa. Mwanahawa yuko kitandani, majirani wako msibani, nami nimeita watu mpaka sauti imekauka. Ndipo nikaona miguu yako. Ukavua ndala, ukazipanga vizuri kando ya tairi, na sauti ikatoka juu yangu: "Baba, nikanyage wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Dodoma ilivyo ngumu. Nilale miguuni pa mama mkwe, halafu nimwamrishe kanyaga, achia? Kwenu watu wameitiwa kikao cha wazee kwa dogo kuliko hilo. Ila akili ninayo. Nikagonga bati kwa spana: ngo. Ukakanyaga. Ngo, ngo. Ukaachia. Tukaenda hivyo hivyo gurudumu hadi gurudumu bila kusemezana. Uliposhuka ulivaa ndala zako ukasema, kama unayeongea na ukuta: "Mwanzo nilikuwa nakanyaga tope. Sasa inanijibu." Jioni tukarudi kujificha, kila mtu upande wake.

Safari hii si upepo. Ni busta, lile bakuli la bati mbele ya pedeli linalovuta nguvu ya injini kuusaidia mguu. Busta ikifa, breki ipo, lakini ni kama kusukuma ukuta kwa unyayo. Hapa mjini ningejikaza. Lakini ule mteremko wa kwenu wenye korongo kando, na wewe umekaa nyuma huoni tunakokwenda, hapana.

"Mpelekee fundi," Mwanahawa akasema.

"Fundi unamtazama."

"Ninayemtazama ndiye aliyefunga feni ikazunguka kinyumenyume."

Nikaifungua uani. Ndani ya busta kuna springi iliyobanwa, ina hasira kama mtu aliyenyimwa likizo. Nilijua, nikaifunga kwa kamba ya manila. Kamba ikakatika. Kifuniko kikapita karibu na sikio langu kikatua kwenye sufuria ya maharage. Mwanao akatoka, akayaangalia maharage kwanza, halafu mimi.

"Mama yangu humpakii kwenye hilo."

"Lilikuwa jaribio tu."

"La kumuua nani?"

Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Madukani walinicheka, wakasema gari hili lina umri mkubwa kuliko wenye maduka. Jana nikapata Mfaransa mwenzake huko Zuzu, amekufa siku nyingi, kuku wanatagia kwenye viti vyake. Nikaitoa busta yake huku kuku wakinitukana. Mpira wake mzima, laini, kama uliwekwa kunisubiri.

Leo asubuhi nikaifunga, kitambaa juu, maana upepo wa huku ulikuwa unaleta vumbi makusudi. Kipimo chake ni hiki: injini imezimwa, unakanyaga, unakanyaga, mpaka pedeli inakuwa ngumu. Unauacha mguu hapo hapo, mtu anawasha. Busta ikiwa hai, pedeli inashuka kidogo yenyewe chini ya mguu. Mwanahawa akakaa kwenye usukani akakanyaga, mimi nikapenyeza mkono dirishani nikawasha.

"Imeshuka?"

"Haijashuka."

"Ipe muda."

"Naipa muda ifanye nini, Baba Rehema? Ni jiwe."

Nikazima. Nikakaa juu ya tairi la akiba, na sikuwa na la kuchekesha. Aibu sikuiogopa, nimeizoea. Nilikuona akilini ukiwa kibarazani na kifurushi chako miguuni, unasikiliza barabara, na jicho lile moja linangoja mtu aliyesema anakuja. Nikaanza kuwaza maneno ya kukubembeleza upande basi, na nikajua utanijibu "sawa, baba", halafu hutapanda.

Mwanahawa akaja akasimama kando, akaangalia ndani ya boneti, akauliza polepole, "Ile feni ilikuwa na nini?"

Mama, nilinyanyuka. Kwenye mpira wa hewa unaotoka kwenye injini kuja kwenye busta kuna valvu ndogo, inapitisha hewa upande mmoja tu. Nikaichomoa nikaiweka mdomoni, nikavuta upande huu, nikapuliza upande ule. Nilikuwa nimeifunga kinyumenyume.

Nikaigeuza. Mwanahawa akakaa tena. Nikawasha.

"Mwanahawa?"

"Nyamaza."

"Imeshuka," akasema. Akazima mwenyewe, akarudia mwenyewe, mara nyingi, mpaka nikamwambia anamaliza betri. Alikuwa anajifuta macho kwa upande wa kanga. Baadaye nimeliendesha hadi Zuzu na kurudi, nikifunga breki kila penye mteremko, abiria wangu gunia la mchanga. Gunia halikulalamika.

Barua hii inatangulia na basi la jioni hii, kesho nakuja mimi. Rehema akufungie nguo chache. Ukisikia ngo moja kwenye bati hapo nje, ni mimi, toka. Na ninakuomba jambo ambalo mkwe hapaswi kuomba: kabla hatujaushika mteremko, kaa wewe kwenye kiti cha dereva. Vua ndala. Kanyaga mpaka iwe ngumu, uache mguu, nami nitawasha. Kwa hilo macho hayahitajiki. Ikikujibu, utahamia nyuma, twende. Isipokujibu, sitakubembeleza, nitavua shati hapo hapo uani kwako nilale chini yake.

Mkweo anayekuheshimu hata akiwa chini ya gari,

Baba Rehema