Vidonge vya Watu Wengine

Gitega, 3 Machi 2025

Assalam alaikum baba,

Mko aje huko Muyinga? Mama naye? Mi niko mzima, masomo tu ndiyo yananikamua. Uliuliza nafanya nini kwenye labo, ile maabara ya chuo. Basi sikia. Mwilini, protini iliyochakaa inabandikwa kialama kinaitwa yubikwitini, halafu inavunjwa. Kwenye ugonjwa wa sukari kama wako, kialama kinaweza kubandikwa hata kwa protini nzima, zile za kupokea ujumbe wa insulini. Ni kama fundi achane shati jipya akidhani ni tambara. Watafiti wanatafuta dawa ya kuzuia kosa hilo, na memwari yangu, kazi ya kuandika ya kumalizia chuo, iko juu ya hiyo.

Usisahau vidonge.

Mwanao, Yasmina

Muyinga, 16 Machi

Wa alaikum salaam mama yangu,

Tuko salama, mama yako anakusalimia sana. Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu wote, hata wateja waliokuja kupima suruali. Sasa vidonge vyangu nimempa jirani Vumilia, vyake vilikwisha. Mi nangoja hiyo dawa yako. Ikitoka, itume na basi.

Babako, Twaha

Gitega, 18 Machi

Baba,

Leo salamu nafupisha, unisamehe. Hiyo dawa haipo. Bado wanaijaribu kwa panya, tena mbali, mi nasoma tu habari zake. Itachukua miaka. Nenda leo hii ukachukue vidonge vingine. Simu yako haipatikani, ya mama inaita tu.

Yasmina wako

Muyinga, 9 Aprili

Mama yangu,

Natumaini ulifika Gitega salama. Ulipokuja hospitali sukari ilikuwa imenipanda, sikuwa najielewa, lakini mama yako anasema ulinishika mkono siku nzima. Sasa niko nyumbani, macho yanaona, vidonge nameza. Mama yako anasema nilifanya ujinga. Hapana. Nilishawaambia watu mwanangu ndiye atanitibu. Nikaona nikiendelea kumeza vidonge walivyotengeneza watu wengine, ni kama sikuamini wewe.

Usinikasirikie.

Babako

Gitega, 12 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Alhamdulillahi kwa afya yako. Nimekasirika, nikalia, nikacheka, mpaka Martha wa labo akaniuliza kama nina malaria. We mzee we. Hiyo dawa pengine ataitoa mtu nisiyemjua, na haidhuru. Kama unaniamini, meza hivyo hivyo vya watu wengine. Mi nimesoma yote haya kwa sababu naogopa kubaki bila baba.

Mwanao, Yasmina