Namba ya Bibi Mtandaoni

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Karatu tu wazima, na mahindi yamebeba. Umeuliza kama uiondoe namba yangu ya simu mtandaoni, maana matapeli wanaiona. Jana Naserian, rafiki yangu wa utotoni tuliyepotezana naye tangu tuhame Malambo, aliiona huko akanipigia: "Wewe kizee, bado unacheka kama fisi?" Nimecheka mpaka asubuhi hii!

Lakini nakumbuka, nikiwa mtoto, mgeni aliyeuliza lilipo boma la mjomba. Mama alimpa maziwa, na alipokuwa akinywa, nikakimbia kumwuliza mjomba kama angependa kumwona. Mtandao haumtumi mtu kuuliza.

Basi iondoe. Andika hapo kwamba anayenitafuta aje kwako. Mkaribishe, kisha uniulize. Akiwa mtu wa Malambo, usichelewe kunipigia.

Bibi yako