Baiskeli ya Kusalimia Watu

Ngezi, Bunia

Yaya Masika mpenzi,

Kabla ya neno lolote, niambie: mguu wa Mama unaendeleaje, na mapacha wako wameacha kuuma watu? Siye huku tuko wazima. Mimi nimezidi uzima. Huu ni mwezi wa tatu tangu arusi, na bado mlango wa uani ukilia moyo unaruka, hata kama ni jirani anakuja kuomba chumvi. Bahati wangu anaimba akinyoa ndevu. Anaimba vibaya, Yaya, na mimi nasimama nyuma ya pazia nasikiliza.

Sasa sikia. Walimu wenzake walituahidi zawadi moja ya arusi, tuchague wenyewe. Mimi nilisema kabati. Bahati alinishika mkono, akasema polepole, "Kahindo, kinga." Baiskeli! Kila Jumamosi anaenda na wenzake mpaka Bogoro na kurudi, juu ya lile lichuma zito la marehemu baba yake, na ndoto yake ni kufika siku moja hata Gety, mbali zaidi. Kwa macho yale angeniomba hata paa la nyumba ningempa.

Tukaenda kwa Muzee Salumu, anayeleta baiskeli kutoka Kampala. Alikuwa na mbili za kaboni. Kaboni si chuma, Yaya; niliinua moja kwa vidole viwili kama sufuria tupu. Nyekundu ilikuwa ya mashindano, usukani chini karibu na magoti, matairi membamba kama kidole. Ya kijivu usukani wake umeinuka, matairi yamenenepa kidogo, inafaa lami na vumbi pia. Bahati hakuiona hiyo. Aliitazama nyekundu kama alivyonitazama mimi siku ile kwenye kwaya. Nakiri, niliona wivu.

"Chagueni mbele ya Jumapili jioni," Muzee Salumu akasema. "Iko mutu wa Mahagi anangojea ile itabakia." Akamwazima Bahati ile nyekundu aijaribu.

Jumamosi, Bahati hajarudi bado, akaingia Shangazi Furaha, dada ya marehemu baba yake, aliyemlea. Alitua sombe yake, majani ya muhogo, akakaa bila kukaribishwa.

"Bibi ya Bahati, weye unamulisha nini bwana yako?"

"Kwa nini, Shangazi?"

"Amenipita kwa barabara ya Bogoro. Kichwa chini, matako juu, kama bata anatafuta kitu mu maji. Hakuna jambo, hakuna habari. Mimi niliyemubeba mugongoni!"

Shangazi ukimpita bila salamu anaweza kukataa kula kwako mwaka mzima. Hapo mlango ukalia. Bahati akaingia ameinama kabisa, mikono juu ya magoti, macho chini. Uso wa Shangazi ukalainika.

"Aa, angalia. Mutoto anaomba musamaha. Imetosha, baba, inuka."

Bahati hakuinuka.

"Nimesema imetosha. Nimekusamehe!"

"Shangazi," akasema akiangalia vidole vya miguu yake, "mugongo umekataa."

Nilimkanda kwa mafuta ya mawese ya moto. Alilia, mimi nikalia kwa mapenzi, Shangazi akacheka mpaka akakalia sombe yake. Na unafikiri aliiacha nyekundu? "Mugongo utazoea," akasema akiwa amelala kifudifudi. Hapo niliogopa kweli. Nimepewa mwanaume mrefu, mzuri, halafu maisha yote nitazame kisogo chake tu? Nikamwambia, "Bahati, fika mbali unavyotaka. Lakini unirudishie uso wako." Akageuza kichwa juu ya mto, akaniangalia.

Jumapili baada ya misa tukarudi kwa Muzee Salumu, Shangazi nyuma yetu, na Bahati mwenyewe akaomba ajaribu ya kijivu. Shangazi akasimama kando ya barabara, yeye ndiye mtihani. "Pita!" Bahati akapita mgongo wima, mkono mmoja juu: "Jambo, Shangazi! Umelala vizuri? Watoto wazima?" Hata hakuyumba.

"Sikusikia vizuri," Shangazi akasema. "Rudia."

Alimrudisha mara nne, Yaya, na alikuwa amesikia tangu ya kwanza! Mara ya tano Bahati akasahau kugeuka, akaenda mpaka akapotea machoni, akarudi anacheka. "Kahindo, mashimo yote yamelainika. Na hii nitafika Gety, nirudi, na nikupasulie kuni." Akampa Muzee Salumu mkono. Ya kijivu!

"Bado," Shangazi akasema. "Kwetu kinga haiingii nyumbani kama haijabeba bibi kwanza."

Bahati akapiga kwa kiganja lile bomba kati ya kiti na usukani, nikalie pale. Muzee Salumu akapiga kelele, "Si pale! Kaboni hawaikaliake hivyo, itapasuka!" Bahati akaangalia baiskeli, akaangalia Shangazi, akaniangalia mimi. Maskini mume wangu, jasho lilimtoka.

Nikakumbuka ule mteremko wa Butembo, Yaya, na weye ukinisukuma juu ya baiskeli isiyo na breki. Nikakunja kitenge mpaka magotini, nikapanda kiti mwenyewe.

"Shangazi, sasa inabeba bibi ao haibebi?"

Sikungoja jibu. Nilipita Ngezi yote nimekaa wima kama bibi ya chifu, nikisalimia kila mtu, hata nisiowajua. Nilipofika mlangoni Bahati alikuwa bado kwenye kona, anakimbia, viatu vya misa mkononi. Nikazunguka, nikarudi kumpokea, nikainua mkono.

"Jambo, bwana yangu! Umetoka mbali?"

Msalimie Mama na mguu wake, shemeji yangu fundi cherehani, Nyanya asiyesikia (mpigie kelele), na mapacha, kwa mbali. Kabati litakuja siku yake.

Ni mdogo wako, anayependwa mpaka majirani wanachoka,

Kahindo